Kwa sebule hiyo, TV ya inchi 43

Dada, umesema kochi lako hapo Chumbageni liko mita mbili kutoka ukutani, na fundi wa dukani anakusukumia TV ya inchi 65. Usikubali. Inchi hupimwa kona kwa kona: 65 ni sentimita 165, utakuwa unageuza shingo kufuata mpira. 43 ni sentimita 109, inakutosha kabisa. Ukipata yenye 4K, yaani yenye picha kali zaidi, chukua.

Ila kubwa kuliko ukubwa ni umeme. Yangu iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, haikumaliza hata mwaka, na niliumia kweli. Nunua TV gadi, kile kifaa cha kuikinga TV umeme ukipanda au kushuka ghafla, siku hiyohiyo, usiseme mwezi ujao. Mvua ikianza kupiga radi, chomoa vyote, pamoja na waya wa antena.

Halafu usiiweke mkabala na dirisha. Jua letu la Tanga likiingia utajiona mwenyewe kwenye kioo badala ya taarifa ya habari. Na dirisha likitazama baharini, iweke mbali nalo, hewa ya chumvi hula vyuma. Kabla hujalipa, iwashwe mbele yako, uangalie kioo chote kikiwa cheupe, uone kama kina madoa.