Kumshukuru Mungu ukiwa na mgonjwa wa figo nyumbani

Mwenye kuuguza kwa muda mrefu anajua: kila anayekuja kujulia hali huondoka amekwambia, "Shukuru Mungu." Ni neno la kweli, na anayelisema ana nia njema. Lakini mume wangu alipoambiwa kuwa figo zake zimeshindwa kazi, nilijiuliza: nishukuru nini hasa? Najua wengi wanajiuliza hivyo na wanaona haya kusema. Basi nitaeleza yaliyonifaa mimi.

Kwanza, kulia si kukufuru. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na katika Surat Yusuf anasema kuwa sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alitokwa na machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kwa hiyo usijilazimishe kutabasamu ili watu waone una imani. Baki kwenye mswala baada ya kuswali, umlilie Yeye kwa lugha yako ya nyumbani. Shukrani zangu za kweli zilikuja nyuma ya machozi hayo.

Kisha shukuru kwa kitu kimoja, ukitaje. Hili ndilo kubwa kwangu, na nililifunzwa na maji. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine aghalabu huenda mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa muda wa saa 4 hivi. Kwa kuwa mkojo umepungua au umekatika kabisa, maji ya kunywa hupimwa; yakizidi hubaki mwilini, miguu ikavimba na pumzi ikabana. Katika joto la Mombasa la mwezi wa Februari, mtu mzima anasukutua kinywa na kutema, au ananyonya kipande cha barafu. Madafu marufuku, tende na ndizi vivyo hivyo, kwa sababu ya potasiamu ambayo figo haziwezi tena kuitoa, na ikipanda sana huweza kusimamisha moyo.

Wanavyuoni husimulia kisa cha Ibn al-Sammak, mtoa mawaidha wa zamani, na Khalifa Harun al-Rashid. Khalifa aliletewa maji, akaulizwa: ukinyimwa maji haya, utayanunua kwa kiasi gani? Akajibu, kwa nusu ya ufalme wangu. Akaulizwa tena: na ukishayanywa yakakataa kutoka? Akajibu, nitatoa nusu iliyobaki. Kisa hiki nilikisikia madrasa nikiwa mdogo, nikaona ni habari za wafalme. Leo nikitoka chooni nasema "Ghufranak", yaani naomba msamaha wako Mola, kama tulivyofundishwa, na siisemi mbio mbio.

Kila usiku, kabla ya kuzima taa, mimi na baba watoto kila mmoja hutaja jambo moja la siku hiyo hiyo. Sindano zimeingia mara moja, muuguzi hakuhangaika kutafuta mshipa. Kijana wa tuktuk amekataa nauli. Changu wa kuchemsha amekolea ndimu, ukosefu wa chumvi haukusikika. Kuna usiku ambao hatukupata la kusema ila kwamba siku imekwisha, tukalishukuru hilo.

Ramadhani ilimuumiza zaidi ya sindano. Hafungi, na alikuwa akiona uzito kula mbele ya watoto wanaofunga. Mgonjwa asiyetarajia kupona ana ruhusa ya kutoa fidia, kumlisha maskini kwa kila siku anayokula. Akaamua chakula hicho akifunge mwenyewe na kukipeleka kwa mkono wake. Nilimwona akirudi na uso mwingine.

Tumehimizwa kumtazama aliye chini yetu ili tusidharau neema tulizo nazo. Nakubali, ila nina tahadhari. Pale kliniki wapo wanaokosa zamu kwa kukosa pesa, na sijaweza kusema "Alhamdulillahi, sisi tunazo" kisha nikanyamaza. Ukimwona aliye chini yako, chochote ulicho nacho mgawie, hata nusu ya nauli. Na walio juu yako kwa wema wao, washukuru kwa majina yao, maana Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Muuguzi mmoja alituambia hakumbuki mara ya mwisho mgonjwa kumwita kwa jina.

Na wewe unayekwenda kumtazama mgonjwa, usianze kwa kumwambia ashukuru. Muulize amelalaje, kisha umsikilize mpaka amalize. Ukitaka kubeba tunda, ulizia kwanza anachoruhusiwa. Tufaha mara nyingi halina neno. Na ukiwa na nafasi, mwambie anayemuuguza akalale saa moja, ukae wewe na mgonjwa.