Re: Maarifa ya Wamaori ni sayansi au imani tu?

Mkuu umeuliza kama maarifa ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ni sayansi au ni imani tu, mi naona swali lenyewe linatubana bure. Chukua maramataka, kalenda yao inayofuata mwezi wa angani, kila usiku una jina lake, siku za Tangaroa ndo za kwenda kuvua, siku ya Whiro we kaa nyumbani, na haya mambo hawakuyaota, ni vizazi na vizazi vya kuangalia maji na samaki. Alafu cheki ishu ya kauri, ile miti mikubwa ya New Zealand inayokufa kwa ugonjwa wa mizizi, unasambaa na udongo hata ule ulioganda kwenye soli ya kiatu. Te Kawerau ā Maki, wenyeji wa msitu wa Waitākere kule Auckland, waliweka rāhui Desemba 2017, yaani marufuku ya kimila watu wasiingie, halmashauri ikaja kufunga msitu 2018. Nani alitangulia hapo?

Ila tusidanganyane, ugomvi upo. 2021 maprofesa 7 wa Chuo Kikuu cha Auckland waliandika barua kwenye jarida moja kwamba maarifa hayo yana thamani yake ila sio sayansi, aisee kuliwaka. Mi nawaelewa kidogo, maana humo ndani kuna habari za miungu pia na hiyo huipeleki maabara. Lakini kalenda ya samaki unaipima vizuri tu, beba nyavu uende.