Jibu: Mshono wa ukingo na tundu la kifungo

Shoga, umeuliza kwa nini ukishona mshono wa ukingo uzi haukai ukingoni. Ni kile kitanzi cha uzi kinachoshika ukingo. Choma sindano ndani ya kitambaa, itokeze ukingoni, na kabla hujaivuta hakikisha uzi umepita chini ya ncha. Vuta kuelekea nje, taratibu. Ukikaza sana ukingo unajikunja. Tundu la kifungo linataka mishono iliyobanana, kitambaa cha meza achanisha.

Vitobo vya kofia za kudarizi ndiyo kazi yenyewe! Piga bandi (mishono ya kupitisha sindano juu na chini) kuzunguka alama ya kitobo, toboa kwa kitu chenye ncha bila kukata nyuzi, ndipo uzungushie mishono hiyo iliyobanana. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6, chambua 2. Jifunzie kwa uzi wa pamba. Hariri iache kwanza, inateleza mno.