Begi la Usambara: nguo ya kulowa na nguo ya kulala

SWALI: Habari dada wa safu, shikamoo kama umenizidi. Sisi ni wanne wa kikoba kimoja huku Tabata, mwaka huu tumesema Zanzibar basi, tunaenda kutembea kwa miguu milima ya Usambara siku nne, tunaanzia Lushoto, tunapita Lukozi na Rangwi mpaka Mtae, mwezi wa saba. Sasa shida ni begi. Mmoja wetu anakuja na sanduku la matairi, mwingine anasema trakisuti mbili zinamtosha, mi mwenyewe tangu juzi nguo ziko kitandani natoa narudisha na zipu haifungi. Baba watoto ananicheka anauliza kama nahama. Tubebe nini? (Mama Wawili, Tabata)

JIBU: Marahaba Mama Wawili, nimekuzidi tu, magoti yangu ni shahidi.

Tuanze na la sanduku. Mwambie shoga yako matairi yanafanya kazi mpaka stendi ya Mbezi, baada ya hapo atalibeba kichwani kama ndoo. Njia za kule ni za udongo, zina mizizi na mawe, sehemu zingine ni vijia vya shambani unapita katikati ya kabichi za watu, huwezi kuburuta kitu. Begi la mgongoni, mikanda mipana, na kama lina mkanda wa kiunoni ndo zuri zaidi maana uzito unashuka kwenye nyonga unatoka mabegani.

Mwezi wa saba Lushoto ni baridi, na siongelei baridi ya Dar ya kuvaa kikoti kwa ajili ya mapozi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mkishapita msitu wa Magamba kuelekea Lukozi mko juu zaidi, asubuhi ukungu umekaa mpaka saa nne, usiku inaweza kushuka kuelekea nyuzi 10. Halafu mchana jua likitoka unapanda mlima unatokwa jasho kama uko Kariakoo. Sasa watu wengi wanachofanya wanabeba nguo ya kila hali ya hewa, ndo maana zipu yako haifungi. Mi nimeshaenda mara kadhaa na siku hizi nabeba nguo za aina mbili tu, nguo ya kulowa na nguo ya kulala.

Nguo ya kulowa ni ile unayotembea nayo. Suruali nyepesi moja, fulana mbili za kitambaa cha jezi, yani zile za mpira wa miguu kabisa, mchukulie hata kaka yako, kwa sababu ukiifua jioni asubuhi iko karibu na kukauka. Pamba ndo nguo yetu huku pwani lakini kule mlimani ikishika jasho na ukungu haikauki, unaivaa asubuhi imekuganda mgongoni kama kitambaa cha deki. Jinzi ndo usiiguse kabisa. Nilishawahi kuipima ya kwangu kwa mwenye duka la mchele, kavu ilikaribia robo tatu kilo, ikilowa sijui hata kama unaweza kupiga nayo hatua. Nguo hizi ukubali zitachafuka na zitanuka siku ya tatu na mtazoeana, hakuna atakayewaangalia.

Nguo ya kulala ni suruali ya trakisuti, sweta la joto, soksi nene na kofia ya sufu. Hizi HAZITEMBEI NJIANI. Zinakaa ndani ya nailoni, ule mfuko wa ndani wa kiroba cha sukari unafaa sana, umeufunga fundo, na hazitoki mpaka ufike unapolala. Hata kama asubuhi unatetemeka usizivae kwenda njiani, maana ukizilowesha siku ya pili una usiku miwili mingine ya mateso. Dakika 15 za kwanza unaona baridi, ukianza kupanda inaisha yenyewe. Sweta usinunue dukani, nendeni soko la mitumba Karume mkachague yale laini ya manyoya manyoya, ni mepesi, yana joto na hayanyonyi maji kama ya kufuma. Koti la mvua pia, hata kama mwezi wa saba sio msimu wa mvua, ukungu wa kule unalowesha.

Ila viatu vya mtumba jihadharini. Mi nilinunua buti za mlimani, nzuri kabisa, soli haijalika hata kidogo, nikajiona mjanja. Kumbe kiatu kikikaa miaka mingi kabatini kwa mtu bila kuvaliwa ile soli inaoza ndani kwa ndani, nje huoni kitu. Siku ya kwanza tu, kabla hatujafika Lukozi, kisigino kikaanza kumeguka vipande vipande kama andazi la juzi, nikaifunga na kamba ya katani, nikatembea nimechanua miguu kama bata mpaka senta, fundi viatu pale akazungusha uzi kiatu kizima kwa shilingi ndogo tu na akaniambia dada hizi umeletewa zikiwa zimeshakufa. Kwa hiyo ukinunua, kunja soli kwa nguvu mara 20 hapo hapo mbele ya muuzaji, kisha zivae wiki mbili nzima, nenda nazo sokoni, kanisani, popote. Raba uliyoizoea ni bora kuliko buti mpya. Kiatu cha pili ni ndala, basi.

Khanga beba upande mmoja, usiache. Ndo taulo, ndo shuka la ziada, ndo pazia mkichimba dawa njiani, na mkiingia vijijini unajifunga juu ya suruali, watu wa kule ni wastaarabu na wanapenda kuona mtu amejisitiri. Mkilala kwa masista Rangwi utashukuru unayo.

Vingine vifupi: tochi, plasta, vaselini ya kupaka vidoleni kabla ya kuvaa soksi (malengelenge yanaogopa vaselini), pawabenki, pedi hata kama tarehe bado. Mekapu bakisheni nyumbani, isipokuwa wanja, wanja hauna uzito.

Mkimaliza, begi lote lisizidi kilo 7 kabla ya maji, maana lita 2 za maji ni kilo 2 zingine. Livae upande ngazi za nyumba ya jirani mara tano. Ukiona unalichukia toa kitu, na mara nyingi ni ile fulana ya nne uliyoweka "endapo".

SWALI: Dada, shangazi yangu anakuja kutoka Muscat na anataka kupanda Lushoto na sisi, ila anavaa baibui na hataki kusikia habari ya suruali. Tufanyeje? (Binti wa Tanga)

JIBU: Mwacheni na baibui lake mwanangu. Mshoneeni moja fupi liishie juu ya kifundo cha mguu, liwe pana chini asibanwe akiruka mfereji, kitambaa chepesi kisichonyonya maji, na ndani avae suruali ya kubana, hiyo haionekani na inampa joto. Mtandio wa kuvuta kichwani ndo salama kuliko wa kufunga kwa pini, miti inanasa. Wasiwasi wangu ni baridi, mtu ametoka kwenye nyuzi 40 za Muscat anashuka kwenye gari Soni anakuta watu wamevaa makoti, kwa hiyo sweta lake mlitoe kwenye begi mkiwa bado Mombo, kule chini kabla gari halijaanza kupanda mlima, mlishike mkononi.