Kuhama Edinburgh kwenda Newcastle

Dada, umeuliza kama Newcastle, huko England, utapata joto kuliko Scotland uliko. Pole! Kutoka Edinburgh ni kama saa moja na nusu tu kwa treni, baridi ni ileile. Ila vijana wa huko hutoka usiku wa Januari na fulana; usiwaige, vaa koti lako.

Noti za pauni zilizotolewa na benki za Scotland zimalize kabla hujahama, la sivyo muuza duka wa England asiyezizoea atazigeuzageuza utadhani umezichapa jikoni. Dawa za cheti cha daktari, ulizozoea bure (Scotland ni tangu 2011), huko wengi hulipia kila aina, na bili ya maji huja peke yake, si pamoja na kodi ya halmashauri kama Scotland.

Halafu ukuta wa Hadrian, ule wa kale wa Warumi, si mpaka wa England na Scotland. Wote uko ndani ya England. Huyo shemeji aliyekwambia utauvuka kwa pasipoti anakutania.