Wimbo wa kupeleka nje hupimwa kwa mizani ya kule

Jumapili usiku uliingia ujumbe wa msomaji mmoja wa Kayole. Yeye na wenzake wanaandika pendekezo la shindano la kumchagua msanii wa kuiwakilisha Kenya kimataifa, na swali lake lilikuwa fupi: "Tuwape wananchi wapige kura, ama tuwaachie majaji?" Jibu halikuenea kwenye simu, nami najua hayuko peke yake. Tangu Sanaipei Tande apande jukwaani Moscow kwa niaba ya Kenya kwenye Intervision, shindano la kimataifa la nyimbo, Septemba 2025, ambako Vietnam ndiyo iliyoshinda, vijiwe vya muziki hapa Nairobi vimejaa ubishi wa nani apelekwe safari ijayo. Majina yanatajwa usiku kucha. Namna ya kuchagua haiguswi, na hapo ndipo roho inaniuma.

Ndugu yangu wa Kayole, kabla ya kuuliza nani apige kura hapa, ulizeni nani anapiga kura kule. Moscow alama zilitolewa na majaji. Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, ina majaji na watazamaji, kila upande ukitoa alama 12, 10, kisha 8 kushuka hadi 1, na tangu 2016 pande hizo mbili zinatangazwa mbalimbali. Mashindano ya majaji pekee yanataka sauti isiyoyumba na utunzi uliokomaa. Penye watazamaji panataka pia kitu cha kumfanya mtu aliyejilaza kwenye kochi anyanyue simu. Mkichagua nyumbani kwa mizani moja na kule mkapimwa kwa nyingine, mmepoteza kabla ndege haijaruka.

Nitatumia Eurovision kama darasa ingawa Kenya haimo. Bara letu limeingia humo mara moja tu, Morocco mwaka 1980, Samira Said akamaliza wa 18 kati ya 19. Lakini mashindano hayo yapo tangu 1956, na makosa ya kila nchi yamebaki hadharani, yanasomeka.

Someni kanuni kwanza, kabla hamjampigia msanii yeyote simu. Za Eurovision ni hizi. Wimbo usizidi dakika 3. Jukwaani wasizidi watu 6. Kila mmoja awe ametimiza miaka 16. Sauti kuu iimbwe papo hapo, lakini ala ni za kurekodiwa, kwa hiyo gitaa litakaloonekana mkononi halitasikika. Wimbo usiwe umetolewa kibiashara kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Hili la mwisho litawanyonga wasanii wengi wa hapa, maana mtu akimaliza kurekodi saa nane usiku, saa mbili asubuhi kipande kiko TikTok na wiki haijaisha wimbo mzima uko YouTube. Andikeni kwenye fomu ya kuingia, kwa herufi kubwa, kwamba hata kipande cha sekunde 15 kinaombewa ruhusa.

Sasa wimbo wenyewe. Dakika tatu ni hesabu, na hesabu hiyo ifanywe mezani kabla ya studio. Chukua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika: dakika tatu ni mapigo 360, yaani vipimo 90 vya mapigo manne manne, kila kimoja sekunde mbili. Gawanya hivi: mwanzo vipimo 4, ubeti 16, kiitikio 16, ubeti wa pili 8, kiitikio 16, daraja (kipande chenye tuni tofauti) 8, kiitikio cha mwisho 16, kufunga 4. Jumla 88. Umebakiwa na sekunde nne za mwimbaji kuvuta pumzi, na kiitikio cha kwanza kimefika kwenye sekunde ya 40. Kikichelewa kupita dakika moja, msikilizaji mgeni ameshaanza kutazama nguo.

Benga ndiyo inayoumia zaidi hapa, na ni benga ambayo ningetamani kuiona kule. Wimbo wa benga umejengwa kupanda polepole: sauti inasimulia, gitaa la solo linajibu, na utamu wote uko kwenye chemko la mwisho ambapo magitaa yanaachiwa yakimbie. Maprodyuza wanapoambiwa wafikishe dakika tatu hukata mkia, kwa hiyo kinachobaki ni masimulizi bila ngoma. Kateni upande wa pili. Mwondoe ubeti mmoja mzima, mlete kipande cha vipimo vinne vya chemko kiwe ndicho mwanzo wa wimbo, kisha kirudi kwa ukamilifu baada ya kiitikio cha pili mahali pa daraja. Masikio yatakuwa yamekwisha kulitambua gitaa lile likirudi. Taarabu vivyo hivyo: beti nyingi na utangulizi mrefu wa ala ni uzuri wake ukumbini, lakini jukwaa hili halina nafasi ya zaidi ya beti mbili.

Lugha isiwatie hofu. Eurovision iliachia lugha huru tangu 1999, na Ureno ilishinda 2017 kwa Salvador Sobral akiimba Kireno tupu. Kiswahili kina bahati ya silabi zinazoishia kwa irabu, zinavutika na mgeni anaweza kuzifuata kwa mdomo. Kiitikio kiwe na maneno manne hadi sita yanayorudiwa, chenye irabu pana, a au o, kwenye noti ya juu. Noti ya juu ikikalia "i", wengi hubana koo.

Halafu jaribuni wimbo kwa watu. Kusanyeni kumi na wawili ambao hawajausikia, watatu au wanne kati yao wasiojua Kiswahili kabisa, Nairobi hawakosekani. Wachezeeni nyimbo zote zilizofika mchujo wa mwisho, mara moja tu, mfululizo, bila kutaja majina ya waimbaji. Kisha toeni chai na mandazi, piga soga dakika ishirini, redio ikiwa imezimwa. Baada ya hapo kila mtu apelekwe pembeni peke yake aimbe kwa mluzi au kwa mdomo kile anachokumbuka. Msiulize wanapenda upi, kwa sababu watu watawajibu kwa adabu. Wimbo ambao watano kati yao wameurudisha wenyewe ndio mnaoutafuta, hata kama si ule uliowaliza kamati.

Wapo wanaosema dawa ni kamati ya siri, na wapo wanaoapa kwamba dawa ni kura ya umma. Tazameni Uingereza kwenye Eurovision. Mwaka 2019 walichagua kwa shindano la televisheni, wakawa wa mwisho. Mwaka 2021 BBC ilichagua ndani kwa ndani, wakapata alama 0. Mwaka 2022 BBC ikachagua ndani kwa ndani tena, Sam Ryder akawa wa pili kwa alama 466. Njia ileile, mwaka mmoja tu katikati. Tofauti ilikuwa mtu: huyu wa pili alikuwa na sauti inayofika juu bila kurekebishwa na mashine, na mamilioni ya wafuasi TikTok ambao hawakuwa wa nchi moja. Ukumbi wa kuchagulia si uganga.

Lakini mkiamua kuwapa wananchi kura, na mimi nasema muwape, basi hesabu ya kuunganisha kura na alama za majaji ndiyo roho ya shughuli nzima. Hispania mwaka 2022, kwenye Benidorm Fest ya kwanza, shindano lao la kuchagua wa kwenda Eurovision, kundi la Tanxugueiras lilipata asilimia 70.75 ya kura za simu. Mwimbaji Rigoberta Bandini akapata 18.08, mwenzake Chanel 3.97. Aliyeshinda ni Chanel, kwa jumla ya alama 96 dhidi ya 91 za Rigoberta na 90 za Tanxugueiras.

Hakuna aliyeiba. Kura za simu ziligeuzwa kuwa nafasi: wa kwanza alama 30, wa pili 25, wa tatu 20. Pengo la asilimia 67 kati ya wa kwanza na wa tatu likawa pengo la alama kumi. Nyimbo zilikuwa nane, na alama zote za simu zikijumlishwa ni 145. Zingegawanywa kwa uwiano wa kura, Tanxugueiras wangebeba karibu 103 na Chanel karibu 6, na majaji wote wangeweza kubaki nyumbani. Njia ya kwanza inaizima sauti ya umma. Ya pili inaruhusu kundi moja la mashabiki kumeza kila kitu.

Nchi ilichafuka, na nawaelewa waliokasirika. Hata hivyo Chanel alikwenda Eurovision kule Turin, Italia, akawa wa tatu, nafasi ambayo Hispania haikuwa imeigusa tangu walipokuwa wa pili mwaka 1995. Majaji waliona kitu ambacho simu hazikukiona: dakika tatu za kucheza kwa nguvu na kuimba bila kukatika. Waliipimia Turin. Kosa lilikuwa kutowaeleza wananchi mapema uzito wa kura yao, wakaachwa waamini kwamba wao ndio wanaoamua.

Wanachofanya Wasweden kwenye Melodifestivalen, shindano lao la kuchagua wimbo wa Eurovision, nakipenda zaidi. Nusu ya alama za fainali hutoka kwa majaji wa nchi za nje, mfumo walioanza 2011. Nusu nyingine ni umma, lakini tangu 2019 wanaotumia programu ya simu hugawanywa kwa makundi saba ya umri, na wanaopiga kura kwa njia ya kawaida ya simu ni kundi la nane. Kila kundi linatoa alama zake. Vijana wakipiga kura milioni, wanaamua alama za kundi lao pekee. Kwa Kenya ningefanya makundi manne ya umri kwenye programu, na ujumbe mfupi wa SMS uwe kundi lake, ili mama mwenye simu ya kabambe kule Kitui asizamishwe na wenye bando. Hilo pia linapunguza makali ya kura za kijiji changu na lugha yangu, ugonjwa tunaoujua vizuri.

Wekeni kikomo kwa kila laini, tena kidogo. Eurovision wenyewe wameshusha chao kutoka kura 20 hadi 10 kwa mashindano ya 2026. Hapa ambapo mtu mmoja ana laini tatu, tano kwa kila laini zinatosha. Dirisha lifunguliwe baada ya wimbo wa mwisho, likae dakika 15, na mtangazaji aseme waziwazi kwamba ujumbe unahesabiwa kwa saa uliyofika kwenye mfumo, maana dakika ya mwisho mtandao hujazana na zitafika zimechelewa. Mpangilio wa kupanda jukwaani upangwe kwa bahati nasibu mbele ya wasimamizi wa wasanii. Hadi 2025 hakuna aliyewahi kushinda Eurovision akiwa ameimba wa pili, kwa hiyo msimwekee mtu nafasi hiyo kwa mkono wenu.

Majaji wawe saba au tisa, theluthi wasio Wakenya, na kila mmoja aandike maoni yake kwenye karatasi pamoja na alama. Tamasha la muziki la shule zetu lipo tangu 1927, na walimu wa kwaya wanajua thamani ya ile karatasi ya jaji: inakuambia umeanguka wapi.

Karatasi nyingine zisainiwe kabla ya onyesho la kwanza. Mgawanyo wa umiliki wa wimbo, mtunzi, mwandishi wa mashairi, prodyuza, asilimia zote zifike 100, kila mmoja atie sahihi. Biti za kukodi kutoka intaneti zikataliwe kabisa, kwa kuwa leseni ya kukodi humruhusu muuzaji kuwapa wengine biti ileile, na siku ya fainali utasikia ngoma yenu kwenye wimbo wa mtu wa Atlanta.

Na mrithi awekwe kwenye kanuni. Ujerumani 2015, Andreas Kümmert alitangazwa mshindi wa shindano la nyumbani akakataa palepale jukwaani. Ann Sophie aliyeshika nafasi ya pili akaenda, akarudi na 0. Italia 2025, Olly alishinda Sanremo, tamasha linalotoa mwakilishi wa Italia, akaamua kutokwenda, Lucio Corsi akaenda akawa wa tano. Ukraine 2022, Alina Pash aliyechaguliwa alijiondoa, Kalush Orchestra waliokuwa nyuma yake wakaenda wakashinda mashindano yote. Kwa hiyo wa pili wenu asirudi nyumbani na shada la maua tu. Awe na mkataba, pasi ya kusafiria isiyokaribia kuisha, na aendelee na mazoezi hadi mshindi apande ndege.

Mazoezi yenyewe: tafuteni ukumbi, pimeni ukubwa wa jukwaa la kule, muuchore sakafuni kwa utepe wa gundi. Simu moja iwekwe kwenye kigoda usawa wa kiuno, irekodi bila kukatwa. Mwimbaji aimbe wimbo mzima pamoja na hatua zote za kucheza, mara tatu mfululizo, bila kukaa. Mara ya tatu noti ya juu ikishuka au kukwaruza, teremsheni ufunguo wa wimbo nusu toni na mrekodi ala upya. Msimwambie akaze. Studio alikuwa amesimama, na studio aliruhusiwa kurudia mara ishirini.

Siku mbili za mwisho afanye mazoezi na viatu na mavazi yaleyale. Kisigino kirefu husogeza mwili mbele na kubana tumbo, na pumzi hukatika mapema kwa kipimo kimoja au viwili. Ni bora ujue hapa Ngara, Nairobi, kuliko kujua huko. Mkisikia watu wa sauti wanalalamikia kelele msizojua zinakotoka, tazameni shingoni. Mkufu mpana wa shanga ukigonga maiki ya kifuani, kila hatua inasikika kama mvua kwenye mabati. Ushoneni shanga juu ya kitambaa zisicheze, au maiki ihamie shavuni.