Barua kwa mwanangu: habari ya Bi Ndoo kama ilivyokuwa

Juani, Mafia

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili mwenyewe, na mara ya tatu mama yako akanisomea kwa sauti, maana miwani niliikalia. Umeniuliza jambo moja waziwazi. Umepata nafasi ya kujitolea miezi sita kwenye mradi wa tembo kule Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Malazi na chakula juu yao, nauli juu yako, mshahara hakuna. Na wakati huohuo mjomba wako anakuita ukashike duka lake la simu Kariakoo. Kinachokukera, unasema, si kukosa mshahara peke yake. Ni kwamba hapohapo mradini kuna vijana wa Ulaya wanaolipa wao ili waje kufanya kazi ileile unayoambiwa wewe, mwenye cheti cha chuo cha wanyamapori cha Mweka, uifanye bure. "Baba, hii ni haki? Niende?"

Nitakujibu. Naandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na haya ukinikatiza sitayamaliza.

Tembo mimi siwajui. Ulinieleza ile mizinga ya nyuki inayoning'inizwa kuzunguka mashamba, mmoja kila baada ya mita 10, imeungwa kwa waya, tembo akiusukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka, naye mkubwa wa mwituni anakimbia. Nilicheka, nikamsimulia mzee jirani, naye akauliza kama nyuki hao wangewafaa viboko wetu wanaotumalizia mpunga. Ulinieleza pia hesabu ya tembo wa nchi nzima, kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Hiyo sikucheka. Kwa hiyo kazi ipo, sibishani na hilo. Lakini nikizungumza habari ya kujitolea ninazungumza kasa, na unanijua: mimi husema aliyepo ndiye mwenye kazi. Kasa hakusubiri mradi, hakusubiri mgeni, hasubiri kikao. Anapanda usiku anaotaka yeye, na asubuhi ile awepo mtu.

Umekua ukinisikia nikisema hivyo. Na umekua ukiisikia habari ya Bi Ndoo. Ninyi watoto ndio mlioifanya msemo wa nyumba. Mtu akishika asilolijua, "usituletee ya Bi Ndoo." Hata harusi ya dada yako, yule mpishi alipotaka kuugusa wali kabla ya wakati, bibi yako alilitamka hilo mbele ya wageni, watu wakavunjika mbavu. Mimi nikacheka pamoja nao. Usiku ule sikulala vizuri, lakini ulidhani ni pilau.

Basi sikiliza.

Mwaka 2008, mwezi wa tano. Wewe ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa na miaka mitatu katika kazi ya kulinda viota, mimi ambaye nimelelewa kwa mayai ya kasa na nyama yake, na babu yako alikuwa hodari wa kuvisoma viota kuliko mtu yeyote wa kisiwa hiki, ila alivisoma kwa ajili ya chungu. (Nyama hiyo leo siigusi. Unakumbuka ya Panza, Pemba, mwaka 2024, watu tisa waliokufa kwa kuila, wanane wao watoto. Babu yako alikuwa akisema yupo kasa mwenye sumu na yupo asiyekuwa nayo, na kwamba kwa macho humjui.) Zamu yangu ilikuwa ufukwe wa upande wa bahari kuu. Kutoka saa 12 asubuhi, kutembea mwanzo hadi mwisho, kutafuta ile njia ya kasa mchangani inayofanana na alama ya gurudumu la trekta, kuifuata hadi kwenye kiota, kukipima kama bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yatakifikia. Kikiwa chini mno unakihamisha asubuhi ileile. Kwa hilo nilipewa posho, na aliyeonyesha kiota alipewa chake, na kikiangua anaongezewa.

Na walikuwapo wageni wa kujitolea, wawili watatu kila msimu, wanaolipa, kama hao wa kwako. Yule binti wa Kiholanzi alikuja kwa wiki nane. Mrefu, mwekundu kwa jua, anaandika maneno ya Kiswahili mkononi kwa kalamu. Mama yako alimpenda kwa sababu alikula mchuzi wa pweza bila kuuliza ni nini.

Tarehe 21 mwezi ule Manchester ilicheza fainali na Chelsea, Moscow. Sasa umeshaanza kuelewa.

Nilivuka jioni kwenda Utende. Palikuwa na kibanda cha video, jenereta, watu kama samaki kwenye tenga. Mechi ilianza karibu saa 4 usiku. Ronaldo akafunga kwa kichwa, Lampard akarudisha, muda wa nyongeza, kisha penalti. Ronaldo akakosa, nikakaa chini nikajifunika uso. Kisha Terry. Mvua inanyesha kule, anakwenda kupiga ile ya ushindi, anateleza! Mwanangu, sijawahi kumkumbatia mtu nisiyemjua kama usiku ule. Hadi leo nikiikumbuka mwili unasisimka, na ndipo linapokuja lile la pili, yote mawili yamefungwa kamba moja.

Mwezi ulikuwa umetimia jana yake. Bamvua. Maji yalijaa kama saa 11 alfajiri, mashua zinaelea pale pale mbele ya kibanda, ningeweza kuvuka na kufika zamuni. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka wa mtu. Nilipoamka saa 3, maji yanapwa mbio, na kufika adhuhuri mashua zote zimelala ubavu kwenye matope. Nikasubiri maji yarudi.

Usiku ule kasa alipanda. Akachimba chini, mahali pabaya, akafukia, akarudi. Maji ya alfajiri yakaja yakafuta nusu ya njia yake na kulowesha ukingo wa kiota. Yule binti alikuja ufukweni na wenzake wa kambini, akaona, akajua maana yake. Alikuwa amefundishwa jambo moja: kuhamisha si kazi ya mgeni, mwite mlinzi wa zamu. Akaniita. Alikwenda hadi nyumbani, mama yako akamwambia nimevuka. Akarudi akakaa pale na mwavuli kuanzia saa 3 hadi saa 10 jioni, juani, akiyatazama maji yakienda mbali na kuanza kurudi. Mwenzangu wa zamu alikuwa Kilindoni na mtoto mgonjwa. Simu yangu haikuwa na chaji.

Saa 10 maji yalipokuwa hatua ishirini akaenda kuomba ndoo kwa mama yako, ile ya bluu ya kufulia. Akachimba kwa mikono. Mayai 112. Akayaweka ndooni kama mtu anayepanga ndimu, akayabeba kwa safari mbili hadi juu penye majani, akachimba shimo, akayamimina taratibu.

Yai la kasa likishakaa saa kadhaa, kile kilichomo kinajishika juu kwenye ganda. Ukiligeuza, basi. Ndiyo maana tunahamisha asubuhi mapema, yai kwa yai, upande wa juu ukibaki juu, huku umeshikilia pumzi. Hilo nililijua. Yeye hakulijua, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kumwonyesha, na wiki iliyotangulia nilimwambia "nitakuonyesha siku nyingine."

Nilifika saa 11 na ushee, bado sauti imekauka kwa kushangilia. Alikuwa amekaa mchangani, kucha zimejaa damu, anacheka kwa furaha kwamba amewahi. Nikaitazama ndoo, nikaelewa. Sikusema kitu.

Tukaenda kwenye kibanda cha walinzi, penye daftari la zamu. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye mstari wangu: doria, saa 12 asubuhi. Nikatia sahihi. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Kusoma saa za Kiswahili alikuwa ameshajua, mama yako ndiye aliyemfundisha. Akanitazama, nami nikajishughulisha na kifuniko cha kalamu. Kisha akaandika mstari wake, kwa zile herufi zake kubwa za kitoto: "Kuhamisha mimi. Saa 10 jioni. Nimechelewa."

Posho ya siku ile nilichukua. Ilinunua mchele, na wewe uliula.

Aliondoka mwezi wa sita. Sisi tulisubiri siku 60, hatukuona kitu, tukasubiri hadi 70, tukafukua ili tuhesabu maganda kama ilivyo desturi. Ile harufu inajulikana. Katika mayai niliyoyapasua, yaliyokuwa na kitu ndani yalikuwa na kitu kidogo kama punje ya choroko. Hakutoka hata mmoja. Wenzangu wakauliza imekuwaje, nami nikawasimulia ndoo. Nikaisimulia vizuri, na mikono, na mwendo wake, watu wakacheka, na jina likazaliwa siku hiyohiyo.

Nimejitetea sana tangu hapo. Kwamba huenda maji ya alfajiri yalikuwa yameshayaua, na mimi ningekuta maiti. Inawezekana. Kwamba wataalamu wanasema katika vitoto elfu anafika ukubwani mmoja, kwa hiyo 112 si kasa hata mmoja, ni sehemu ya kasa, ni kama pezi. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi usiku. Kisha najikumbusha kwamba kasa wetu huyu anachukua miaka ishirini na kitu, hata thelathini, kabla ya kurudi kutaga, kwa hiyo hata kama angekuwapo wa kiota kile, leo asingekuwa amekuja bado, na nimetulia kidogo. Mtu anaweza kutulizwa na upuuzi kama huo.

Sasa swali lako la haki. Pesa za yule binti, na za wenzake, ndizo zilizolipa posho yangu. Alilipa ili akae juani kunisubiri, na mimi nililipwa kwa asubuhi ambayo sikuwapo. Nani hapo alikuwa anajitolea? Halafu nageuka upande wa pili: yeye alikuwa na tiketi ya kurudi. Ameacha jina, ameondoka. Mimi nimeendelea kutembea ufukwe ule miaka yote hii na sikukosa tena zamu kwa ajili ya mpira, hata ile ya 2009 tuliyofungwa na Barcelona niliisikiliza redioni kitandani. Aliyepo ndiye mwenye kazi. Lakini siku ile aliyekuwapo alikuwa yeye, na hilo ndilo linaloniharibia msemo wangu kila nikiutamka.

Kwa hiyo uchungu wako kwa wale wanaolipa naujua, na sina hakika kwamba unastahili kuwaelekea wao. Mwenye mradi muulize. Muulize nani atamwonyesha mgeni namna ya kusogelea mzinga, na kama ni wewe, kwa nini kufundisha kuwe bure. Muulize usiku tembo anapoingia shambani nani anaitwa, wewe au mwenye shamba. Na ukimaliza miezi sita, daftari atabaki nalo nani. Wakikujibu kwa maneno ya kwenye kipeperushi utajua.

Mama yako anasema usiende, duka ni duka. Mjomba wako amenipigia mara mbili. Mimi nimeapa kwamba sitasema nenda wala usiende, kwa sababu nikisema nenda na ukakaa njaa huko utanikumbusha, na nikisema usiende utauza kava za simu ukinichukia polepole. Ila hiyo ajira ya baadaye wanayokudokezea, usiihesabu. Na ukienda usiende nusu nusu. Basi, nimeshasema zaidi ya nilivyotaka.

Nauli ninayo hadi Ifakara. Sijasema kitu.

Samaki wakavu na nazi nampa binamu yako, anavuka Jumatano kwenda Nyamisati. Na kuna kitu kingine nimetia kwenye kifurushi, ndani ya gazeti. Ni ile kadi yenye picha ya daraja na theluji, iliyokuwa nyuma ya kioo cha mama yako, mliyokuwa mkiichezea. Ilifika mwezi wa tisa mwaka uleule. Anauliza walitoka wangapi. Sikumjibu. Anwani iko pembeni, herufi zimefifia na macho yangu hayazisomi tena; wewe jaribu kuzisoma.

Baba yako